Pikapu ya kutuma Mbeya: anza na fundi atakayeifungua

Kila Krismasi inapokaribia, simu yangu hujaa picha za pikapu. Kuna ndugu wa Houston, wa Leicester, wa Perth, na kila mmoja amepata gari "safi kabisa, halijaguswa", anataka litangulie nyumbani likabebe viazi Makete, mbao Mafinga au parachichi Njombe. Picha zinaonyesha rimu, viti vya ngozi na skrini kubwa kuliko runinga ya mama yake. Huwa nawauliza jambo moja: likifia Mbeya, nani atalifungua?

Swali hilo sikuzaliwa nalo, nililinunua. Nikiwa Uingereza nilimtumia mdogo wangu dabo kebini ya dizeli, gia otomatiki, maili chache, kitabu cha sevisi kimejaa mihuri. Ilipanda mlima Kitonga kana kwamba haina kitu nyuma. Mdogo wangu alikuwa akinitumia video akizipita fuso. Mwezi wa tano tangu ianze kazi, asubuhi moja ya baridi huko Matamba, ikawaka, ikakohoa, ikazima, na haikuwaka tena. Ikavutwa kwa kamba kuteremka zile kona 57 hadi Chimala, kisha ikapandishwa lori hadi Mwanjelwa, Mbeya mjini.

Fundi, mzee wa makamo asiye na maneno mengi, alifungua filta ya dizeli akamimina kilichokuwemo kwenye kikombe cheupe cha chai. Mdogo wangu aliniweka kwenye video nione. Mzee akakizungusha kikombe polepole juani, na chini kabisa pakaonekana unga unaometameta, mlaini kama ile rangi ya kucha ya mabinti. Akachukua sumaku ya spika mbovu, akaipitisha kwa nje ya kikombe. Unga ukaifuata.

"Pampu yako hiyo, kijana," akasema. "Inajisaga."

Tatizo la pampu inayojisaga ni kwamba haifi peke yake. Vyuma vile hupita kwenye bomba, kwenye reli ya mafuta, kwenye nozeli zote nne, na vingine hurudi kwenye tanki. Ukibadilisha pampu tu, mpya nayo inakula unga uleule. Kwa hiyo kila kitu kilitoka: pampu, reli, nozeli, mabomba, tanki likaoshwa. Gharama yake ingenunua ng'ombe sita wa maziwa kule kwetu, na sisemi ng'ombe wa kukonda.

Dizeli ya dumu na pampu ya kisasa

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea. Tukilinganisha injini tunaangalia nguvu farasi na ulaji wa mafuta. Kwa gari la kwenda Nyanda za Juu Kusini, anza na pampu.

Injini za zamani zilikuwa na pampu ya kimakanika, inasukuma dizeli kwa presha ya wastani na inavumilia uchafu kidogo. Injini za kisasa hutumia reli ya pamoja, ambamo dizeli husukumwa kwa presha ya bari 1,600 hadi 2,000 na zaidi, na pampu hiyo inalainishwa na dizeli yenyewe. Dizeli ikiwa na maji, au ikichanganywa na mafuta ya taa, ule ulainishaji unapungua na chuma kinaanza kula chuma. Sisi ni nchi iliyoipa lugha neno uchakachuaji kwa sababu ya jambo hili hili. EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010, hali ikawa nafuu, lakini dizeli ya dumu inayouzwa kando ya barabara huko milimani haina anayeikagua.

Kisha kuna kichujio cha masizi kwenye ekzosi, kile Waingereza wanachokiita DPF. Kinajisafisha kwa joto, gari likitembea mwendo mrefu wa kasi. Sasa gari linalozunguka shambani kwa gia ya kwanza na ya pili kwenye baridi ya Kitulo, zaidi ya mita 2,600 kutoka usawa wa bahari, litapata wapi joto hilo? Masizi yanajaa, taa inawaka, gari linakata nguvu. Magari mengi ya Ulaya ya kuanzia 2016 hivi yana pia tanki la AdBlue, kimiminika cha kusafisha moshi. Kikiisha, kompyuta inakataa kuwasha injini. Mtafute muuza AdBlue Igawa siku ya Jumapili, halafu uniambie.

Kwa hiyo ukiona tangazo linasema "Euro 6", yaani kiwango cha Ulaya cha moshi safi, hiyo ni sifa ya London.

Injini ninazoziamini, na zile ninazoziogopa

Ya kwanza kila mtu anaijua: 1HZ ya Land Cruiser 79. Lita 4.2, silinda sita, haina turbo, pampu ya kimakanika. Imekuwepo tangu 1990 na fundi wa Tunduma anaifungua huku anapiga soga. Lakini tusiifanye malaika. Ina nguvu farasi kama 130 tu, na injini isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1,000. Njombe iko karibu mita 2,000. Maana yake ukifika Njombe umebaki na farasi mia moja na kidogo, na lori la mbolea linakupigia honi nyuma. Wapo wanaoifungia turbo kutafuta nguvu, hedi hupasuka. Ina mkanda wa taiming wa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika, vali na pistoni zinakutana. Kwa gari lisilo na historia, badilisha mkanda siku linapotoka bandarini, usisubiri.

Mtego mmoja kwa wanaonunua Japani: Land Cruiser 70 zilizotolewa upya kule mwaka 2014 na 2015, pikapu zikiwemo, ni za petroli, lita 4.0. Gari zuri, ila jirani yangu alilinunua akidhani ni dizeli kwa sababu "Landikruza zote ni dizeli". Sasa analipaki wiki nzima.

Hilux yenye 1KD ya lita 3.0 ni kipenzi cha wengi, na mimi siikatai, ila nenda nayo kwa macho. Vile visili vya shaba chini ya nozeli vikichoka, moshi wa mwako huvuja na kuingia kwenye oili, inageuka lami na kuziba chujio lililo ndani ya sampo, bakuli la oili chini ya injini. Injini inakufa kwa kiu huku oili imejaa. Fundi akivibadilisha mapema ni kazi ya siku moja. Mrithi wake, 1GD ya lita 2.8 iliyoanza 2015, ina cheni badala ya mkanda na inavuta vizuri sana mlimani, ila miaka yake ya kwanza DPF ilisumbua. Tafuta ile iliyotengenezwa kwa soko la Afrika, isiyo na kichujio hicho. Isuzu D-Max yenye 4JJ1 ya lita 3.0 naiweka karibu sawa na Hilux, na kwa bei naiweka juu.

Ninazoziogopa: Nissan ZD30, kwa habari za pistoni kuungua, na Navara za YD25 za miaka ya nyuma ambazo cheni yake hulegea. Tena ukinunua Navara ya Uingereza, ingia chini yake na tochi na nyundo ndogo. Wenzetu wanamwaga chumvi barabarani kila baridi, na chasisi huoza kutoka ndani. Nimegonga moja nikasikia sauti ya debe.

Ndugu wa Marekani huwa hawapendi nikifika hapa. Ni kweli pikapu zenu ni wanaume. Lakini angalieni pampu kwanza, kama kawaida. Ford ya dizeli ya lita 6.7 tangu 2011, na Duramax za GM za 2011 hadi 2016, zilikuja na pampu ya CP4, ambayo ndiyo bingwa wa ule unga wa kwenye kikombe. Duramax za 2017 kuendelea zilihamia pampu ya Denso. Ram yenye Cummins 6.7 ilitumia CP4 mwaka 2019 na 2020, zikaitwa kiwandani, wakarudi kwenye pampu ya zamani. Ford 6.0 ya 2003 hadi 2007 usiiguse hata ukipewa bure; gasketi za hedi zake zina sifa mbaya nchi nzima ya Marekani, sembuse Uyole.

Mtu mmoja wa Dallas aliniambia, "Lakini bro, Cummins si zimejaa kwenye malori ya Tunduma?" Jina ni hilohilo. Lakini kompyuta, gia na difu ya Ram hutazikuta kwenye lori lile, na usukani uko kushoto. Kulipita semi kwenye barabara ya Tanzam ukiwa umekaa upande wa mtaroni, ni abiria wako ndiye anayekuambia kama njia ni nyeupe.

Gia

Watu wa Ulaya na Marekani tumezoea otomatiki, na tunamhurumia ndugu yetu akanyage klachi. Zipo otomatiki imara: Allison iliyofungwa kwenye pikapu za GM hadi 2019, au ile Aisin ya Ram 3500 za hadi 2024, ambayo ni tofauti na 68RFE iliyofungwa kwenye nyingi za Ram za dizeli za miaka hiyo; hiyo 68RFE haipendi mzigo mzito. Hata za Toyota ni nzuri. Adui yao ni joto. Otomatiki inaunganisha injini na gia kupitia haidroliki, na ukipanda mlima polepole na tani moja mgongoni, haidroliki inachemka. Chomoa kijiti cha kupimia haidroliki hiyo kama kipo: nyekundu, sawa, kahawia na inanuka kama mandazi yaliyoungua, ondoka. Muuzaji akikuambia ni "ya maisha yote", anazungumzia maisha yake ya kulimiliki gari lile.

Manyuali inasamehe zaidi, na kuteremka Kitonga ukiwa gia ya pili, mguu mbali na breki, ni usalama usioweza kununuliwa. Hata otomatiki uilazimishe gia ya chini kabla ya mteremko kuanza. Ila manyuali za kisasa nyingi zina flaiwili ya vipande viwili yenye springi ndani. Ikilegea inagonga kama mtu anayetikisa misumari kwenye kopo, na bei yake ni ya kukaa chini. Na dereva anayeshikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki ya mkono atakumalizia klachi kwa msimu mmoja, liwe gari gani. Mdogo wangu alikuwa hivyo.

Tena usihesabu mzigo kwa tani moja ya kwenye karatasi. Gunia halali ni kilo 100. Lumbesa ya viazi si gunia, ni gunia lililovaa kofia. Magunia kumi ya Makete yanaweza kuwa tani moja na robo kabla kondakta hajapanda na mbuzi wake. Kwa kazi hiyo chagua singo kebini, na difu ya nyuma uisikilize ukiwa kilomita 60 kwa saa: ikilia kama nyuki, punguza bei au nenda zako.

Siku ya kwenda kuliona

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu kinafichwa. Washa baridi, angalia moshi. Mweupe usiokoma ni maji au nozeli, bluu ni oili. Fungua kifuniko cha oili injini ikinguruma. Ikipuliza kama birika, pistoni zimechoka. Ingiza fo wili ya chini, rudi nyuma ukipanda kilima. Angalia mkia: ndoano ya kuvutia iliyosuguliwa hadi kung'aa inasema gari limevuta mizigo, hata kama kitabu hakisemi.

Kama ni Uingereza, ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali ya historia ya MOT, ukaguzi wa magari wa kila mwaka, ni bure, utaona maili za kila mwaka na walichokikataa wakaguzi. Na kumbuka ni maili: 100,000 ni kilomita 161,000. Kabla hujalipa, pitisha gari kwenye kikokotoo cha TRA, mamlaka ya mapato, maana umri unabadilisha kodi.

Halafu kuna wazo ambalo hatulipendi kwa sababu halina picha za kuposti. Mara nyingi ni nafuu kutuma fedha na kununua Dar gari lililotengenezwa kwa ajili ya Afrika, au Land Cruiser ya shirika iliyopigwa mnada, kuliko kusafirisha la kwako. Ndivyo nilivyofanya safari ya pili. Ni 79 nyeupe, mlango wa kulia una kovu la nembo iliyobanduliwa, kiyoyozi hakifanyi kazi.

Niliongeza kitu kimoja tu: kitenganishi cha maji cha ziada, kile chenye bakuli la kioo, kabla ya filta. Kila Jumatatu mdogo wangu anafungua skrubu ya chini, anamwaga kwenye kikombe cheupe, ananitumia picha. Jumatatu iliyopita kulikuwa na maji ya kijiko kimoja, na mbegu ya parachichi pembeni ya kikombe kuonyesha ukubwa.