Jinsi ya kukichunguza BACE1, kimeng'enya kinachokata protini kwenye ubongo

BACE1 kimejaa kwenye seli za neva, na ndicho kinachoanza ukataji unaozalisha beta-amiloidi, protini inayogandamana kwenye ubongo wa wagonjwa wa Alzheimer. Umbo lake ndilo linaloeleza kazi yake, kwa hiyo tulitazame. Weka PyMOL, programu ya kutazama maumbo ya molekuli, kwenye kompyuta yako na uwe na intaneti.

Hatua ya 1: Leta umbo. Andika `fetch 1fkn`; 1fkn ni namba ya umbo hili kwenye hifadhi ya maumbo ya protini. Hili lilichapishwa mwaka 2000. Lina nakala mbili za kimeng'enya. Bakiza moja kwa `remove chain B+D`, kisha ondoa maji kwa `remove solvent`.

Hatua ya 2: Tafuta makali. Andika `show sticks, chain C`, halafu `show sticks, chain A and resi 32+228`. Kimeng'enya kina nusu mbili, na katikati yake upo mfereji ambamo kizuizi (molekuli inayokizuia kimeng'enya kisikate), yaani mnyororo C, kimelala. Chini ya kizuizi zinaelekeana asidi amino mbili aina ya aspatiki, kila moja ikitoka nusu yake. Hushirikiana kuichochea molekuli ya maji ikivunje kifungo cha protini. Ukiibadilisha hata moja, ukataji unakwama.

Namba hizi huwapoteza wengi. Makala nyingi huandika 93 na 289, kwa sababu huhesabu tangu mwanzo wa protini nzima yenye asidi amino 501. Tofauti ni 61, ila aspatiki ni zile zile. Washa `set seq_view, 1` usome mfuatano kwa macho yako kabla ya kuchagua chochote.

Hatua ya 3: Paka rangi kifuniko. `color yellow, chain A and resi 67-77`. Kipande hiki hufunguka protini inapoingia, kisha huishikilia ikatwe.

Hatua ya 4: Kisome kizuizi. Kimeigwa kutoka badiliko la kijeni la familia za Uswidi, ambalo liliweka asidi amino asparajini na lusini kabla tu ya mahali pa kukatwa kwenye protini inayozalisha beta-amiloidi. BACE1 hulikata umbo hilo kwa kasi zaidi, na wanaolirithi huugua Alzheimer mapema. Hapa kifungo kinachofuata lusini kimebadilishwa kikemia kisikatike, ndiyo maana kizuizi kimenasa.

Tafadhali usikiite kimeng'enya hiki adui. Hukata pia protini ya nuregulini 1, inayohitajika kujenga ala ya mayelini inayofunika nyuzi za neva. Panya wasio na BACE1 huwa na mayelini nyembamba. Dawa ya verubecestat, inayokizuia BACE1, ilipunguza beta-amiloidi kwa wagonjwa, lakini haikuokoa kumbukumbu zao, na majaribio yake yakasitishwa.

Hatua ya 5: Linganisha na mkataji wa pili. BACE1 kikimaliza, gama-sekritesi hukamilisha kazi. Andika `fetch 5a63`, kisha tafuta namba 257 na 385 kwenye presenilini, sehemu yake inayokata. Utakuta aspatiki mbili tena, safari hii zikiwa ndani kabisa ya utando wa seli.