Kuku kaumia? Kabla hujamgusa, soma hapa kwanza

Kuku akishang'atwa ndo unaanza kuuliza mkasi uko wapi, umechelewa. Vitu viwe tayari, kwenye kopo moja lenye mfuniko, na watoto wajue sio la kuchezea.

Chumvi ya kawaida. Kijiko cha chai kimoja kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa yakabaki vuguvugu, hiyo ndo ya kuoshea na inatosha kabisa kwa kuanzia. Bomba la sindano kubwa la mil 20, bila sindano yake, la kurushia hayo maji ndani ya kidonda mpaka uchafu utoke. Iodini ile ya kahawia ya duka la dawa, na usiimwage ilivyo, ichanganye na maji mpaka ifanane na chai ya rangi nyepesi. Mkasi wa kupunguzia manyoya. Gozi, sio pamba, pamba inaacha nyuzi kwenye nyama. Glovsi. Kanga iliyochakaa ya kumfunikia.

Spiriti, oil chafu, majivu, kahawa, hapana. Najua kijijini kwenu walipaka na kuku akapona, sawa, ila wale waliokufa nani anawakumbuka?

Boksi au tenga la kumtengea liwe tayari kabla, chini weka gazeti, sio maranda yanayoganda kwenye kidonda. Hili usilifanyie mzaha. Kuku wakiona damu wanadonoa, na wakishaonja hawaachi, hata kama ni mama yao. Na asirudi bandani mpaka ngozi imefunga, sio mpaka we umemuonea huruma.

Kumshika: subiri kiza kidogo au mfunike kichwa na kanga, anatulia mwenyewe. Usimbane kifua. Kuku anapumua kwa kidari kupanda na kushuka, ukimkumbatia kwa nguvu unamuua huku unadhani unamtuliza.

Sasa njoo kwenye ile iliyonigharimu. Mwezi wa nne, masika, mbwa wa jirani alipita chini ya fensi akamkamata mtetea wangu mwekundu, yule aliyekuwa anatamia kila nikigeuka. Nikamkuta ana jeraha mgongoni, refu kama kidole, halitishi. Umeme umekatika, simu ina chaji asilimia nane, nikaosha fasta fasta, nikapaka dawa, nikamweka kwenye boksi jikoni nikajisifu mpaka kwa mama mkwe. Kesho yake anakula. Keshokutwa anakula. Mama mkwe akaniambia we mwanangu usidanganyike, kuku hata ukimpiga panga mahindi ataokota tu. Nikacheka. Siku ya tatu asubuhi nafungua jikoni nakutana na harufu, mwanzo nikadhani ni panya kafia nyuma ya jiko. Nikamgeuza kuku, nikamwinua bawa la kushoto, manyoya ya ubavuni yamelowa yameshikana kama yamepakwa uji, nikayatenganisha kwa kidole na ngozi ikawa inacheza. Funza. Wamejaa kama wali uliomwagika, na chini yao kuna tundu la jino la mbwa ambalo sikuliona kabisa usiku ule, dogo, linaingia kidole kidogo. Nikawatoa kwa kibano mmoja mmoja huku namwagia maji ya chumvi, wengine wanarudi ndani wanakimbia mwanga, nikakaa hapo zaidi ya saa nzima. Jioni akafa, kwenye ile ile kanga.

Kwa hiyo sikiliza. Mbwa hang'ati upande mmoja, meno yako juu na chini. Ukiona jeraha moja tafuta la pili. Manyoya yanaficha kila kitu, pitisha vidole kinyume na yanavyolala, chini ya mabawa yote mawili, mapajani, tumboni, kuzunguka sehemu ya kutolea kinyesi. Ukigusa pametota, kata manyoya hapo uone ngozi. Na kwa joto letu mayai ya nzi yanaanguliwa ndani ya siku moja, kwa hiyo mgonjwa akae sehemu isiyo na nzi, kipande cha neti juu ya boksi kinatosha, na umkague asubuhi na jioni, kwa kumnyanyua, sio kumchungulia kwa juu.

Uamuzi mwingine ufanye kabla hujafungua dawa yoyote: unamtibu au unamchinja? Utumbo ukiwa nje, au gole, ule mfuko wa chakula shingoni, limechanika maji anayokunywa yanavuja, na daktari wa mifugo hayupo karibu, mchinje mapema akiwa hana dawa mwilini. Ukishampa antibayotiki, hata ile spirei ya bluu, nyama na mayai yana siku zake za kusubiri, soma lebo au mbane muuzaji akuambie. Asikwambie "haina shida dada". Na mwenye harufu haliwi, acha ubahili.

Dawa za binadamu za kupaka zenye ganzi usimpakie, mwili wake mdogo zinamzidi. Kidonda cha chini ya unyayo, kile chenye kigaga cheusi katikati, usikimbilie wembe, angalia kwanza fito anazolalia kama zina ncha au ziko juu sana. Vigaga kwenye upanga wa kichwani na kuzunguka macho, hasa kwa vifaranga kipindi cha mbu, hicho sio kidonda cha kupigana, ni ndui, usibandue. Jogoo mwenye kipi kirefu, ule mwiba wa mguuni, anawachana majike ubavuni, mpunguze ncha. Mikono osha kwa sabuni hata kama ulivaa glovsi, na lile bomba la sindano lisirudi jikoni, mtu atalikuta amnyweshee mtoto dawa. Fensi kagua kwa chini, juu mbwa hana habari napo. Tochi nunua ya betri.