Kabla hujaanza kutaja aina za virai na vishazi vya Kiingereza

Mtahiniwa wa kidato cha nne, uwe Mafinga, Makete au Mbeya mjini, usianze kukariri majina ya aina kabla hujajua kukitambua kitenzi kinachobeba wakati. Bila hicho utakuwa unabahatisha. "After the rain" ni kirai (phrase), maana ndani yake hakuna kitenzi. "After the rain stopped" ni kishazi (clause): "stopped" ina kiima chake, "the rain", na inaonyesha wakati uliopita. Neno la mwanzo ni lile lile, kwa hiyo anayetazama neno la kwanza tu atapotea.

Jihadhari na maneno yanayoishia na -ing. Katika "the woman selling bananas at Mwanjelwa", "selling" peke yake haisemi kama ni jana au leo. Vitabu vingi vya shule huliita fungu hilo kirai. Wanaisimu wengine huliita kishazi. Muulize mwalimu wako mapema anafuata upande upi, nawe ubaki huko huko. Likiwa "who sells bananas", ubishi umekwisha: ni kishazi.

Virai havisumbui sana. Tafuta neno kuu. "The cold mornings of Njombe" ni kirai nomino kwa sababu ya "mornings", ingawa kimebeba kirai kihusishi "of Njombe". "Very cold" ni kirai kivumishi, "very slowly" ni kirai kielezi. Basi.

Muda wako mwingi upeleke kwenye vishazi tegemezi, yaani visivyosimama peke yake kama sentensi, na hapo ndipo "when" huwaumbua watu. "When the bus reaches Makambako, call me": kishazi kielezi, kinasema simu ipigwe lini. "I remember the day when the bus broke down": kivumishi, kinaifafanua "day". "Nobody knows when the bus will arrive": nomino, kwa kuwa ndicho kitu kisichojulikana. Kiondoe, weka "it", nayo sentensi itasimama: "Nobody knows it." Fanya hivyo kwenye zile mbili za kwanza uone zinavyoporomoka. Mimi jaribio hili naliamini kuliko orodha yoyote ya viunganishi, na kwa "that" pia linasaidia.

Kuna na kishazi kilichojificha: "The potatoes we bought at Uyole were rotten." Hakuna "that" wala "which", na sisi tuliozoea kusema "viazi tulivyonunua" tumezoea kuiona alama ya urejeshi, "-vyo-", ndani ya kitenzi. Hapa hesabu vitenzi vyenye wakati: "bought" na "were". Viwili, kwa hiyo vishazi ni viwili, na "we bought at Uyole" ndicho tegemezi. Ila usihesabu vitenzi visaidizi peke yake. "Has been waiting" ni maneno matatu, lakini kishazi ni kimoja.