Una kopa nne na mwenzako ameweka dau: ufanye nini kwenye mashindano ya poka mtandaoni

Wiki iliyopita kijana wa dukani kwangu hapa Mwanga, Kigoma, alinisogezea simu: "Anko, nimetolewa tena. Na nilikuwa na kopa nne!" Nikaipitia mikono yake mmoja mmoja. Kosa ni lilelile lililonila mimi miaka miwili: anafuata dau (analipa alichoweka mwenzake ili abaki mchezoni) kwenye flopu, zile karata tatu za kwanza za mezani, anafuata tena kwenye teni, karata ya nne, halafu riva, karata ya tano na ya mwisho, inaangusha pau, chipu zinabaki za kuhesabu kwa vidole. Nikamkalisha nyuma ya kaunta tukaanza upya.

Hatua ya 1: hesabu auti zako

Auti ni karata zilizobaki ambazo zikishuka zinakukamilishia mkono. Una kopa nne, mbili mkononi na mbili mezani, unasubiri ya tano upate flashi (karata tano za aina moja)? Deki ina kopa 13, kwa hiyo zimebaki 9. Streti (karata tano zinazofuatana) unayoisubiri ikiwa wazi pande zote mbili ina auti 8, ya kusubiri karata ya katikati ina 4. Ukiwa na vyote viwili usijumlishe kizembe. Una 9 na 8 za kopa, flopu imeleta 7 na 6 za kopa na 2 ya pau: auti ni 15, si 17, maana 10 na 5 za kopa umeshazihesabu kwenye flashi.

Kwa haraka, ukiwa kwenye flopu zidisha auti kwa 2 upate asilimia ya karata moja ijayo, au kwa 4 ukiwa na uhakika wa kuziona zote mbili. Auti 9 zinakupa kama 19 kwa karata moja, 35 kwa mbili. Zikiwa nyingi, ile ya 4 inatia chumvi: 15 inakwambia 60, ukweli ni 54.

Hatua ya 2: uliza bei

Gawanya unachotakiwa kulipa kwa poti yote (chipu zilizo katikati ya meza) itakavyokuwa ukishalipa. Dau la nusu ya poti linadai uwezekano wa asilimia 25, dau la poti nzima linadai 33. Uwezekano wako ukiwa chini ya hapo, bei ni ghali. Wavuvi wa dagaa pale Kibirizi mwezi ukiwa mpevu hawahangaiki kuingia ziwani: taa hazivuti samaki na mafuta yataungua bure. Hawahitaji kikokotoo.

Hatua ya 3: tazama rundo lako kabla ya kugusa kitufe

Hapa ndipo kijana alipopotelea. Blaindi, yale madau ya lazima ya watu wawili kabla ya karata kugawiwa, ni 100/200, ana 4,000, yuko kwenye blaindi kubwa na 9 na 8 za kopa. Mtu anayecheza wa mwisho baada ya flopu amepandisha hadi 500, kijana amefuata, blaindi ndogo imetupa. Poti ni 1,100. Flopu: mfalme wa kopa, 4 ya kopa, 2 ya pau. Jamaa anaweka 550.

Kufuata kunadai asilimia 25, karata ijayo inampa 19. "Lakini zimebaki karata mbili, anko." Ndiyo, ila ya pili hajailipia bado. Kwenye teni jamaa anaweka 1,500, bei inapanda hadi karibu 29, na yeye bado yuko kwenye asilimia 20. Angekuwa na chipu nyingi nyuma ningemwelewa, kwa kuwa flashi ikitimia angekamua zaidi. Akibaki na 2,950 hakuna kingi cha kukamua.

Sasa achukue njia nyingine: aweke zote 3,500 palepale kwenye flopu. Jamaa akitupa, anazoa 1,650 bila kuona karata. Akilipa, poti inafika 8,100 na kijana ana kama asilimia 35 ya kuichukua, yaani wastani wa hasara ya chipu 665 hivi. Fanya hesabu: jamaa akitupa mara 3 tu kati ya 10, kijana hapotezi kitu. Dhidi ya mtu anayepandisha kila akipewa karata, 3 ni chache. Dhidi ya yule asiyetupa hata jozi ya 4, tupa karata zako uende mkono mwingine.

Tahadhari ndogo: flashi ya 9 inapigwa na kubwa zaidi. Ukiwa na ree ya kopa mkononi mambo yanabadilika, maana mara nyingi hata ree nyingine ikishuka inakuokoa, na auti zinafika 12.

Hatua ya 4: angalia wangapi wamebaki

Zikilipwa nafasi 15 na mmebaki 16, chipu unazopoteza zina uchungu kuliko unazopata. Hesabu ya juu ni ya chipu, si ya fedha. Hapo mimi natupa hata kopa nne nzuri, hasa anayenikabili akiwa na rundo linalonizidi. Kwenye mashindano ya kushindania tiketi zinazolingana za kuingia mashindano makubwa zaidi ndiyo usiseme: tupa, kanywe chai.

Hatua ya 5: bando

Ingepaswa kuwa ya kwanza. Niliwahi kufuata dau kwa bei nzuri kabisa, bando likakata katikati ya teni. Niliporudi hewani, muda wangu ulikuwa umekwisha na programu ilishanitupia karata. Kwenye meza, kopa ya tano ilikuwa imelala inanitazama.