Somo: Kupima seva ya nyaraka kabla hujaandika bajeti

Wakuu, salamu kutoka Dodoma. Msimu wa bajeti ukifika, sisi wa Tehama huulizwa swali lile lile: "Seva ya ukubwa gani?" Ofisi moja niliyowahi kufanyia kazi ilinakili vipimo vya majirani zake. Mwezi wa nne diski ikajaa, na fedha nyingine ilikuwa ya Julai. Mfano wangu hapa ni SharePoint, programu ya Microsoft ya kuhifadhi na kushirikishana nyaraka, inayokaa kwenye seva za ofisini, kwa sababu ndiyo ninayoishi nayo.

Hatua ya 1: Pima siku mbaya

Takwimu za Agosti zitakudanganya. Kwetu kipimo ni Bunge la Bajeti, Aprili hadi Juni, pale jibu la swali la mbunge linaporekebishwa mara tano kabla ya saa tatu asubuhi. Washa Performance Monitor, kipima mzigo cha Windows, kwa wiki mbili za kipindi hicho, irekodi prosesa, RAM na foleni ya diski. Kisha fungua logi za IIS (sehemu ya Windows inayopokea maombi ya watumiaji), tafuta saa iliyobanana kuliko zote, uhesabu maombi. Watu 150 wakiwa kazini kwa pamoja, kila mmoja akituma ombi moja kila sekunde 30, hayo ni maombi 5 kwa sekunde. Mimi huandika 10. Mhasibu akiuliza kwa nini, namwonyesha logi za Juni.

Hatua ya 2: Diski

Microsoft wana fomula yao:

(D × V × S) + 10 KB × (L + V × D)

D ni idadi ya nyaraka, V wastani wa matoleo ya kila waraka, S ukubwa wa wastani, L vipengele vya orodha (mistari ya orodha zilizomo ndani ya SharePoint). Tuseme una nyaraka 60,000, matoleo 3, KB 400 kila moja, na vipengele 100,000. Unapata KB 74,800,000, yaani GB 71 hivi. Hizo ni data za nyaraka tu. Faharasa ya utafutaji, logi za SQL Server (hifadhidata inayobeba SharePoint) na nakala rudufu zina hesabu zake, na nakala rudufu ndiyo husahaulika. Hifadhidata moja ikikaribia GB 200, anza kugawa.

V ndiyo inayoua. Ongeza matoleo kutoka 3 hadi 10 uone GB zinavyopaa.

Hatua ya 3: Itese kabla ya kuipokea

JMeter ya Apache, programu ya kuipa seva mzigo wa majaribio, ni ya bure. Iache itume maombi yako 10 kwa sekunde kwa saa nzima, mzabuni akiwa amekaa pembeni yako.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mkuu, si kuna System Center Capacity Planner? Inakupa jibu lote.*

Ilikuwepo, zana ya Microsoft ya 2007 ya kukadiria seva, kwa Exchange (seva ya barua pepe) na SharePoint za enzi zile. Usiipe kazi ya leo. Kwa Exchange kuna kikokotoo cha Excel cha Microsoft, na hicho nacho kitakuomba takwimu zako kwanza.

*Kaka, fomula haizidishi? Nasikia matoleo hayahifadhiwi mazima siku hizi.*

Umesikia vizuri. Tangu SharePoint 2013, faili la Word likirekebishwa huhifadhiwa vipande vilivyobadilika. Lakini ofisi zetu hupiga mhuri, huskani upya na kupandisha PDF nzima. Kwa nyaraka za namna hiyo naiacha fomula kama ilivyo.

*Niko tawi la Singida. Makao makuu wanasema seva ni nzima, kwetu faili halifunguki.*

Dada, huenda nyote mnasema kweli. Faili la MB 5 ni megabiti 40. Kwenye laini ya Mbps 2 linachukua sekunde 20 ukiwa peke yako. Mkilifungua kumi kwa pamoja ni zaidi ya dakika tatu. RAM ya Dodoma haitakusaidia. Omba laini pana zaidi, na hao wanaoskani barua kwa rangi waelekezwe kwenye nyeusi na nyeupe.

*Sisi tuna SharePoint ya 2016. Tuongeze diski tu?*

Msaada wa Microsoft kwa 2016 na 2019 una mwisho wa tarehe 14 Julai 2026, wiki mbili ndani ya mwaka wa fedha 2026/27. Zabuni iandikwe kwa Subscription Edition, toleo la SharePoint linalofuata hayo. Vipimo ulivyokusanya hatua ya 1 nenda navyo vilevile.