Diski za breki za Subaru WRX kwa ajili ya traki (uwanja wa mbio): usianze na diski

Wacha nianze na kitu ambacho muuzaji hatakwambia. Diski kubwa haisimamishi gari mapema zaidi ile breki ya kwanza. Gari inasimamishwa na tairi, na kama breki zako za sasa zinaweza kukanyagwa mpaka ABS, ule mfumo unaozuia tairi kujifunga, ianze kutetemeka chini ya mguu basi nguvu ya kusimama unayo tayari, hata ukifunga diski ya saizi ya sinia la pilau tairi ni zilezile na lami ni ileile. Tunabadilisha diski kwa sababu ya joto. Breki ya kwanza kila mtu anayo, shida ni ya kumi na tano.

Mimi naongea kuhusu WRX ya GDA, zile za 2001 mpaka 2007 zilizojaa huku kwetu, zenye kalipa (kile kibano kinachobana padi kwenye diski) za pistoni nne mbele na diski ya 294 mm yenye unene wa 24 mm. Gari ya mtu mwingine vipimo vitabadilika lakini kazi ni ileile. Mara ya kwanza kuipeleka Whistling Morans kule Athi River nilienda na kila kitu cha kawaida, na ile ni traki ya karti, fupi, kona juu ya kona, spidi si kubwa ila breki haipati nafasi ya kupumua. Raundi ya nne nakanyaga pedali inaenda chini kama nimekanyaga mkate. Nilishusha gia nikaingia kwenye nyasi, salama. Fundi akaniambia ni masta silinda, ile pampu ya pedali inayosukuma fluidi ya breki, nikanunua masta silinda nyingine nikamlipa na labour, na tatizo likarudi vilevile wikendi iliyofuata, kwa sababu ilikuwa ni fluidi imechemka tu! DOT 3 (daraja la fluidi) ya zamani, pengine iliingia na gari kutoka Japani.

Chukua hesabu hii uone joto linatoka wapi. Gari ya kilo 1,400 ikitoka 160 km/h kushuka mpaka 60 inabidi imwage karibu megajuli 1.2 za nishati, na zote zinageuka joto. Tuseme asilimia 70 zinaenda mbele, kila diski inabeba kama 0.4. Diski ya chuma ikiwa na kilo 7 inapanda karibu nyuzi 130 kwa breki MOJA. Ukifika kona inayofuata kabla haijapoa unaongeza juu yake, na tena, na tena. Diski ya kilo 10 breki ileile inaipandisha kama nyuzi 90 tu. Hiyo ndiyo faida yote ya diski nzito, ni sufuria kubwa, inachelewa kuchemka. Na sisi wa Nairobi hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo hata kupoa kunachelewa kidogo. Ninyi mlioko Dubai mnaoenda traki ya Autodrome, ile njia ndefu ya kilomita 5.39, mna shida ya upande mwingine, mnafika kona na spidi kubwa na hewa yenyewe iko na joto la tanuri.

Sasa mpangilio wa pesa. Kwanza fluidi. DOT 3 ikiwa mpya kabisa kiwango chake cha chini ni kuchemka nyuzi 205, DOT 4 ni 230, DOT 5.1 ni 260, ila hizo ni namba za fluidi kavu. Fluidi inavuta unyevu wa hewani, na ikishanyonya maji DOT 3 inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Fluidi za mashindano kama Motul RBF 600 zinafika 312. Nunua lita moja, bado ni rahisi kuliko diski moja. Na usichanganye DOT 5 na 5.1, hiyo DOT 5 yenyewe ni silikoni, haipatani kabisa na hizi zingine, jina tu ndilo linadanganya watu.

Pili padi. Padi ya kawaida ikizidi joto lake inateleza, pedali inabaki ngumu lakini gari haisimami, tofauti na fluidi ambayo pedali inalainika. Shika hiyo tofauti, itakuokoa pesa za mafundi. Padi kama Ferodo DS2500 zinafaa kwa mtu anayeendesha gari hiyohiyo kwenda kazini Jumatatu. Zile za mashindano kabisa zinapiga kelele kama matatu imekwisha breki, zinakula diski, na asubuhi zikiwa baridi hazishiki vizuri, mimi sizitaki kwa gari ya kubeba watoto.

Ya tatu ndiyo diski.

Kuchagua

Za matundu achana nazo. Najua zinapendeza nyuma ya rimu, mimi pia zilinivutia. Lakini kila tundu ni mahali pa ufa kuanzia, diski inapanuka na kusinyaa kila raundi, na ukishakuwa na matundu mengi unapunguza kile chuma ulichonunua kibebe joto. Nilinunua za bei ya chini zenye matundu na rangi ya dhahabu, siku mbili za traki zikaanza kupasuka kutoka tundu moja kwenda jingine kama udongo wa kiangazi. Chukua diski nzima isiyo na kitu, au ya mifereji kama unataka padi zisafishwe uso, mifereji inakula padi kidogo lakini si mbaya.

Kama unanunua diski zenye mapezi ya ndani (vile vipande vya kupitisha hewa kati ya nyuso mbili) yaliyopinda, kuna ya kushoto na ya kulia, na hapa ndipo watu wengi wanakosea kwa sababu wanaangalia mifereji ya juu. Usiangalie mifereji. Chungulia ndani kwa ukingoni, mapezi yanatakiwa yalale kuelekea nyuma jinsi gurudumu linavyozunguka likienda mbele, ili yavute hewa katikati na kuitupa nje. Diski ya kawaida ya Subaru ina mapezi yaliyonyooka kwa hiyo upande wowote sawa.

Ukitaka kwenda mbali zaidi kuna njia ambayo kila mtu wa Subaru anaijua, kuvua breki za Brembo, kalipa na diski, za STI (ile WRX kali zaidi) ya ex-Japan na kuzifunga kwa WRX. Mbele 326 mm kwa 30, nyuma 316 kwa 20. Ni mabadiliko ya kweli hayo. Ila jua mambo matatu kabla hujatoa pesa kwa wauza vipuri kule Kirinyaga Road, Nairobi. Rimu zako lazima ziwe 17 na kuendelea, na hata baadhi ya 17 spoku zinagusa kalipa, kwa hiyo jaribisha rimu kabla ya kulipa. STI za kuanzia 2005 zina haba (kitovu cha gurudumu) ya 5x114.3, yaani bolti tano kwenye duara la mm 114.3, na WRX yako ni 5x100, usichukue diski isiyoingia kwenye bolti. Halafu nyuma, handibreki ya Subaru ni ngoma ndogo iliyo ndani ya kofia ya diski (ile sehemu ya katikati iliyoinuka), ya WRX ni 170 mm na ya STI nyingi zenye Brembo ni 190, ukifunga diski ya STI juu ya breki shuu za WRX unapata gari isiyo na handibreki. Na jamani angalia kama ni Brembo kweli, kuna vifuniko vya plastiki vyekundu huko nje, nimemwona mtu akisifiwa navyo kwenye parking.

Kufunga

Vitu vya kuwa navyo: jeki na stendi mbili za kuaminika, soketi na bomba refu la kusukumia, toki renchi (spana ya kupima mkazo), brashi ya waya, dawa ya kusafishia breki, waya wa kuning'iniza kalipa, na bolti mbili za M8. Hizo bolti usizisahau, utaona.

Weka gari pahali tambarare, legeza nati za magurudumu gari ikiwa bado chini, weka mawe nyuma ya tairi ambazo hunyanyui, nyanyua, weka stendi. Usiingize hata mkono chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake. Fungua kifuniko cha chupa ya fluidi na unyonye kidogo ikiwa imejaa, kwa sababu pistoni zikirudi ndani fluidi inapanda, na ikimwagika kwenye rangi ya gari inaibambua.

Toa pini za padi, toa padi, sukuma pistoni pole pole. Legeza bolti mbili kubwa za nyuma ya kalipa, huwa zimekaza kweli, na kalipa ikitoka ining'inize kwa waya kwenye springi. Usiiache ibebwe na hosi! Diski ya zamani mara nyingi imeshikana na haba kwa kutu, na hapa ndipo fundi anachukua nyundo. Usimruhusu, beringi ya haba haipendi hayo. Angalia kwenye kofia ya diski kuna matundu mawili yenye nyuzi, ingiza zile bolti za M8, kaza moja nusu mzunguko, nyingine nusu mzunguko, ukibadilishana, na diski inaruka yenyewe paa! Ukiwa nyuma hakikisha handibreki imeachiliwa kwanza.

Hatua inayofuata ndiyo watu wanairuka na ndiyo inazaa ule mtetemeko wa usukani ambao kila mtu anasema "diski zimepinda". Sugua uso wa haba kwa brashi ya waya mpaka uone chuma kinang'aa, kila mahali, hadi kuzunguka bolti. Kutu kidogo tu kama unene wa karatasi pale kwenye haba, ukifika ukingoni mwa diski kuyumba kumekuwa mara mbili, kwa sababu ukingo uko mbali zaidi na katikati. Ukiwa na saa ya kupimia, funga diski kwa nati mbili tatu, zungusha, pima. Ikiyumba kupita kile kitabu cha gari kinaruhusu, ivue uigeuze tundu moja mbele upime tena, mara nyingi inakaa sawa bila kununua kitu.

Diski mpya huja na mafuta ya kuzuia kutu, ioshe kwa dawa ya breki pande zote mbili mpaka kitambaa kitoke cheupe, na baada ya hapo usiishike uso kwa vidole. Rudisha kalipa, kaza kwa toki renchi kwa namba ya kitabu na si kwa "nimekaza sana", rudisha padi, grisi ya breki kidogo tu mgongoni mwa padi.

Kisha toa hewa na ubadilishe fluidi yote mpaka itoke safi. Subaru haifuati ile kanuni ya kuanza na gurudumu la mbali, kitabu kinataka mbele kulia, nyuma kushoto, mbele kushoto, nyuma kulia. Brembo zina vinati viwili vya kutolea hewa kila kalipa, anza na cha nje. Ukimaliza, KABLA gari haijasogea hata hatua moja, piga pedali mpaka iwe ngumu. Kuna mtu aliwasha gari, akaweka rivasi, akakumbuka pedali akiwa ameshagonga geti lake mwenyewe. Simtaji. Ni shemeji.

Kuzoesha padi na diski

Diski mpya na padi mpya hazijuani bado. Tafuta barabara tupu alfajiri, si Thika Road, au fanya raundi zako za kwanza za traki ziwe za hii kazi. Breki za wastani tano hivi kupasha, kisha kutoka 100 mpaka kama 25, kwa nguvu lakini bila ABS, mara nane au kumi mfululizo bila kusimama kabisa. Harufu itatoka, moshi kidogo pengine, ni sawa. Halafu endesha dakika kumi bila kugusa breki. Ukisimama zikiwa moto na mguu juu ya pedali, padi inabandika alama yake pale ilipo, na huo mtetemeko wa baadaye ndio utasema diski imepinda, wakati ni uchafu wa padi umeganda upande mmoja.

Kwa sababu hiyohiyo traki ukimaliza, raundi ya mwisho iwe ya taratibu, ukipaki weka gia na jiwe chini ya tairi, handibreki usiivute. Gari ikipoa angalia diski kwa tochi. Nyufa ndogo ndogo kama nywele usoni ni kawaida, ila ufa ambao ukucha unakwama, au uliofika ukingoni, hiyo diski imekufa hata kama ina unene. Unene nao upime, kwa hii ya 24 mm mwisho ni 22, na diski nyingi zimeandikwa kiwango chao ukingoni au kwenye kofia.

Beba padi za akiba na spana zake, chupa ya fluidi iliyofungwa, na maji ya kunywa kwa sababu kule Athi River kivuli hakuna. Nati za magurudumu zikaze tena gari ikiwa baridi kabla ya kurudi nyumbani, mimi mara mbili nimekuta moja imelegea.