Kabla ya kwenda Japani kufanya utafiti wa uhandisi: anza na maabara

Tarehe 2 Desemba 2022, satelaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga na kuanza kuzunguka dunia. Ni kijisanduku cha sentimita 10 kila upande. Wahandisi wa Uganda waliiunda katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu, maarufu kama Kyutech, mjini Kitakyushu, wakifanya kazi pamoja na wenzao wa Zimbabwe na Japani katika mradi ulioitwa BIRDS-5. Nautaja mradi huu kwa sababu unaonyesha utafiti wa vyuo vya teknolojia vya Japani unafanyikia wapi hasa: ndani ya maabara, chini ya profesa mwenye fani yake, pamoja na kundi la wanafunzi wanaopokezana ujuzi mwaka hadi mwaka.

Kwa hiyo chagua maabara kwanza, chuo kifuate. Wengi wanaojiandaa hukesha wakitafuta ufadhili, na huu ni uchungu ninaouona kila msimu wa maombi: mtu ana alama nzuri, fomu zote amejaza, lakini ukimuuliza anakwenda kutafiti nini na kwa nani, hana jibu. Japani hilo ndilo swali la kwanza. Maabara itakupa meza, itakupa vifaa, itakupangia mikutano ya kila wiki ambayo utawasilisha umefika wapi, na mara nyingi ndiyo itakayoamua kama unapata barua ya kukubaliwa au la.

Kila maabara ina mizizi yake. Watu wa satelaiti wa Kyutech, kwa mfano, walijijengea jina kwa kuchunguza jinsi umeme unavyopiga cheche kwenye paneli za jua zikiwa angani. Satelaiti yao HORYU-2, iliyorushwa mwaka 2012, ilitengenezwa ili kujaribu kuzalisha volti 300 huko juu. Mtu anayewaandikia bila kujua historia hiyo anaonekana mara moja. Soma angalau makala matatu ya miaka ya karibuni ya profesa unayemlenga, uyaelewe kweli, kisha andika barua pepe fupi: wewe ni nani, ulifanya nini katika mradi wako wa shahada ya kwanza, ni kipi katika kazi yake kinachogusa swali lako, na unatarajia kuja kwa ufadhili gani. Ukurasa mmoja unatosha. Ambatisha matokeo yako ya masomo na andiko lako la utafiti. Usitume barua ileile kwa maprofesa ishirini. Wanafahamiana, na wengine wako jengo moja.

Andiko la utafiti liwe dogo kuliko unavyotamani. Kijana akiandika kwamba atamaliza tatizo la umeme vijijini Afrika nzima, msomaji hana pa kushika. Akiandika kwamba anataka kupima jinsi joto na vumbi vinavyopunguza nguvu ya aina fulani ya paneli, kwa vipimo fulani na kwa muda fulani, mazungumzo yanaanza siku hiyohiyo.

Kuhusu kalenda: mwaka wa masomo Japani huanza Aprili, na vyuo vingi hupokea pia wanafunzi mwezi Oktoba. Ufadhili wa serikali ya Japani, MEXT, una njia mbili, ya ubalozi na ya chuo. Ile ya ubalozi kwa kawaida hufunguliwa karibu na Aprili au Mei kwa ajili ya kusafiri mwaka unaofuata, na wanaopita mchujo wa kwanza ndio huomba barua rasmi za maprofesa. Muda wa kufanya hivyo ni mfupi, kwa hiyo mazungumzo na profesa yaanze miezi mingi kabla. JICA, shirika la Japani la ushirikiano wa kimataifa, nao wana mpango wa ABE, ulioanzia kwenye mkutano wa TICAD, wa Japani na Afrika kuhusu maendeleo, mjini Yokohama mwaka 2013, unaounganisha shahada ya uzamili na mafunzo ya kazi katika kampuni za Japani. Unamfaa zaidi anayelenga viwanda.

Jambo moja linawachanganya wengi. Unaweza kupokewa kwanza kama mwanafunzi wa utafiti asiyesomea shahada, kwa miezi sita au mwaka mmoja, halafu ufanye mtihani wa kuingia uzamili au uzamivu. Kipindi hicho peke yake hakikupi cheti cha shahada. Uliza mapema mtihani huo uko mwezi gani, unafanywa kwa lugha gani, na nini kinatokea usipofaulu.

Sasa vifaa, ambako wahandisi tunapaswa kuwa makini kuliko wengine. Umeme wa nyumbani Japani ni volti 100, na plagi ni za pini mbili bapa. Chaja ya kompyuta nyingi itakubali, lakini kifaa cha volti 230 ulichojiundia hakitafanya kazi bila transfoma. Halafu nchi imegawanyika kwa masafa ya umeme, yaani mizunguko yake kwa sekunde: mashariki, Tokyo ikiwemo, ni hezi 50, na magharibi, Osaka na Kyushu, ni hezi 60. Chanzo ni karne ya 19, pale Tokyo iliponunua jenereta za Kijerumani na Osaka za Kimarekani. Hili linagusa utafiti moja kwa moja. Mota ya nguzo nne ambayo kwetu uwanja wake wa sumaku unazunguka mara 1,500 kwa dakika, Kitakyushu utazunguka mara 1,800. Ukitaka kulinganisha vipimo vya pampu ulivyochukua Dar es Salaam na utakavyochukua kule, liandike hilo katika mpango wako tangu mwanzo.

Sampuli ni habari nyingine. Sheria ya Japani ya kulinda mimea inakataza kuingiza udongo kutoka nje, isipokuwa kwa kibali maalumu cha utafiti. Usitie udongo wa mfinyanzi wala wa shambani ndani ya begi ukidhani ni mzigo wa kawaida. Mimea, mbegu na vijidudu vina masharti yao, na juu yake ipo Itifaki ya Nagoya, iliyopitishwa katika mji huo mwaka 2010, kuhusu haki ya nchi juu ya rasilimali zake za kibaiolojia. Anza kuuliza nyumbani kwenye tume ya sayansi na teknolojia, COSTECH kwa Tanzania, NACOSTI kwa Kenya, kisha profesa aombe vibali vya upande wake. Vibali huchukua muda, na utafiti mzuri umewahi kukaa ukisubiri kopo moja la sampuli.

Ukienda kwenye satelaiti, droni, nyenzo mpya au kompyuta zenye nguvu kubwa, jiandae kuulizwa maswali juu ya ulikosoma, nani anakulipia na una uhusiano gani na serikali yako. Vyuo vina wajibu wa kisheria wa kudhibiti teknolojia nyeti, na tangu Mei 2022 udhibiti huo unawagusa waziwazi hata baadhi ya wanafunzi walioko ndani ya Japani. Usichukulie kama kushukiwa. Jibu kwa ukweli na kwa ukamilifu, maana jibu la nusu ndilo linalochelewesha.

Usalama wa maabara utafundishwa, lakini nenda ukijua mambo mawili. Rangi za mitungi ya gesi zina mfumo wa kwao: oksijeni nyeusi, haidrojeni nyekundu, kaboni dioksidi kijani, asetilini kahawia, na gesi nyingine nyingi kijivu. Soma jina kwenye mtungi, usiamini mazoea ya karakana ya nyumbani. La pili ni tetemeko. Kabati hufungwa ukutani na mitungi hufungwa kwa minyororo kwa sababu hiyo. Siku ya kwanza uliza njia ya kutokea na mahali pa kukusanyikia. Namba ya zimamoto na gari la wagonjwa ni 119, ya polisi 110.

Lugha: utaandika tasnifu kwa Kiingereza katika maabara nyingi, ila fundi wa karakana, vibandiko vya tahadhari na vitabu vya mashine vitakuwa kwa Kijapani. Jifunze hiragana na katakana kabla ya kupanda ndege. Herufi za msingi ni 46 kwa kila moja, na wiki chache za bidii zinatosha.

Mengine niyapitie haraka. Ukishapata makazi una siku 14 za kusajili anwani katika ofisi ya manispaa, na huko ndiko utakapojiunga na bima ya afya ya taifa, ambayo hukuachia kulipa asilimia 30 ya matibabu. Dawa za mafua zenye pseudoefedrini nyingi na zenye kodeini zinaweza kukuingiza matatani uwanja wa ndege. Dawa za daktari zinazozidi mahitaji ya mwezi mmoja ziombee cheti kabla. Beba akiba ya kukutosha miezi miwili, kwa kuwa posho ya kwanza huweza kukawia.

Lililobaki ni la kuzungumza na profesa kabla hujasaini chochote, na wengi huliona aibu. Data mtakayokusanya itakuwa ya nani? Je, unaweza kurudi nyumbani na programu uliyoandika, michoro, na nakala ya daftari la maabara? Makala yakitoka baada ya wewe kuondoka, jina lako litakaa wapi? Waganda wale walihitaji kuendelea kuwasiliana na satelaiti yao kutoka Uganda kwenyewe, na kwa mtu wa namna hiyo ujuzi unaobaki ndani ya maabara ya mbali haumsaidii. Mkutano wa video hupangwa kirahisi, saa tisa alasiri ya Japani ni saa tatu asubuhi ya Afrika Mashariki. Uliza kwa heshima, ukimwita Sensei, yaani mwalimu, na baada ya mazungumzo mwandikie barua pepe yenye mliyokubaliana ili athibitishe.